Basi la Miguu la Mzee Rosaire

Kila asubuhi ya siku za shule, watu wa mtaa wetu wa Villeray walikuwa wakimwona Josiane Thibodeau akitembea upande wa pili wa barabara, nyuma kidogo ya baba yake, akijifanya anakwenda kazini. Kazi yake ilikuwa kupunguza suruali na kubadilisha zipu katika duka la dobi, na duka hilo halifunguliwi kabla ya saa nne. Kila mtu alilijua hilo. Hata watoto walijua, nao walimpungia mkono na kumwita Mkia.

Josiane alikuwa amevuka arobaini na tano. Aliacha shule akiwa msichana, akaenda kushona makoti kiwandani, na tangu azae hakuwahi kulala usingizi wa kushiba. Alikuwa mtu wa kuona ajali kabla haijatokea: kisu kilichoachwa ukingoni mwa meza, ngazi iliyoshika barafu, gari linalorudi nyuma huku dereva hajageuza shingo. Na kwa kuwa mara nyingi aliyoyaona yalikuwa ya kweli, hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Baba yake, mzee Rosaire, alikuwa dereva wa basi lisilo na injini. Zamani wazazi walikuwa wakijazana na magari mbele ya lango la shule, moshi mtupu na honi, mpaka siku moja mama mmoja akarudi nyuma kwa haraka akamvunja mguu mtoto wa mwenzake. Kamati ya wazazi ikaifunga barabara ile kila asubuhi, ikaanza kutafuta wastaafu wenye miguu inayofaa. Wakapewa vizibao vya rangi ya chungwa vinavyong'aa, kamba ndefu yenye vishikio, na njia ya kufuata. Mtoto husubiri kwenye kona yake. Basi likipita, anashika kishikio, safari inaendelea. Mbele alitembea Rosaire. Nyuma alitembea bibi Pierrette Lauzon, mjane mwenye sauti ya kusimamisha lori.

Kabla ya hapo Rosaire alikuwa ameshinda mbele ya televisheni tangu amzike mkewe Huguette, akijibu kila swali kwa "mm" au "mhm". Basi lile lilimfufua. Watoto hawana aibu. Walimuuliza kama meno yale ni yake, na kama alikuwapo mamba wa kale walipokuwa wakitembea mitaani. Aliwajibu kwa uongo mtamu wa kutosha njia nzima. Alijua nani anaogopa mbwa, nani ametoka nyumbani bila kula, nani amelala wazazi wakigombana. Maëlle, binti wa Josiane wa miaka minane, ambaye zamani alimpa babu yake shavu la kubusu na kukimbia, sasa alikuwa na siri zake na mzee ambazo mama yake hakuambiwa.

Hayo yote Josiane aliyaona na kuyafurahia, mpaka Desemba, mzee alipoanguka kwenye barafu mbele ya mlango wake. Hakuvunjika kitu. Lakini Josiane anaishi ghorofa ya juu, baba yake ya chini, na aliusikia mshindo ule akiwa jikoni kwake. Tangu siku hiyo hakutaka kingine ila mzee aiachie kamba. Mzee akakataa. Basi Josiane akawa anashuka kila asubuhi: anakagua viatu, anakagua dawa, anapokea simu ya ukutani mzee asije akasikia nusu, maana sikio lake la kushoto lilikuwa limeanza kuchoka.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Februari, baada ya theluji ya siku mbili mfululizo. Matuta ya theluji kandokando ya barabara yalimfika mtu mzima kifuani. Mabango ya rangi ya chungwa yalikuwa yamechomekwa ndani yake, na king'ora cha gari la kukokotea magari kilikuwa kinalia mitaa ya jirani, kikiwaambia wenye magari waondoke kabla mashine hazijaja kuizoa theluji.

"Baba, vaa vyuma," Josiane alisema, amevishika mkononi vile vyuma vya kufunga chini ya viatu.

"Hivyo ni vya mbuzi."

"Ulianguka Desemba."

"Nilianguka Desemba, leo Februari. Utanisomea mashtaka mpaka lini?"

"Mpaka uvae."

"Maëlle," mzee akamwita mjukuu wake, "mwambie mama yako nilikuwa natembea kwenye barafu yeye hajazaliwa."

"Mama, babu anasema —"

"Nimesikia!"

Simu ikalia jikoni. Josiane akaikimbilia. Ilikuwa sauti ya baba wa Ludovic, mmoja wa watoto wa basi. Baba huyo alikuwa mtu wa zamu za usiku, asiyepoteza maneno. "Ludovic haji leo. Ana homa." Hata hakuuliza anaongea na nani. Akakata.

Josiane aligeuka kwenda kusema, akaukuta mlango wa mbele uko wazi na baridi inaingia kama yenye nyumba. Mzee alikuwa ameshatoka, viatu vitupu, amemshika Maëlle mkono. Josiane akatoka mbio na vyuma vyake. Wakakabana maneno pale chini ya ngazi, majirani wakisikia, mpaka mzee akasema watoto wanaganda kwa ajili yake, akaenda zake. Na ile habari ya simu ikamtoka Josiane kichwani, ikapotea kama sindano iangukavyo kwenye zulia.

Akavaa koti, akavuka upande wa pili, akafuata.

Basi lilikwenda vizuri kona kwa kona, watoto wakiongezeka, mvuke ukiwatoka midomoni. Kwenye kona ya duka la vyakula ndipo Ludovic alipokuwa akisubiri kila siku. Mama yake humwacha pale na kuwahi metro, treni ya chini ya ardhi. Alikuwa na miaka sita na kichaa kimoja: kuchimba mahandaki ndani ya matuta ya theluji. Wiki moja kabla, Rosaire alikuwa amemvuta kutoka shimoni kwa kumshika buti, akamwapia kwamba siku ya mashine mtoto haingii kwenye tuta, hata kichwa, hata mkono.

Ludovic hakuwapo. Kwenye tuta, usawa wa goti, kulikuwa na tundu jipya, theluji yake bado imetawanyika. Mbele ya tundu kulikuwa na glavu moja nyekundu.

"Ludovic!" mzee aliita. "Toka humo! Leo sina mchezo!"

Hakuna aliyejibu. Akainama kuchungulia. Tundu lilikuwa limeingia ndani, likapinda, kisha dari yake ilikuwa imeshuka. Na mashine ikakata kona: ile kubwa, yenye visu vinavyozunguka mbele, inayoitafuna theluji na kuitapikia kwenye lori linalokwenda nayo sambamba. Ilikuwa inakula tuta lile lile, kutoka mwisho wake, inakuja.

"Pierrette! Watoto ukutani!" mzee akapiga kelele, akaiachia kamba.

Josiane, ng'ambo ya barabara, alimwona baba yake akipanda tuta kwa magoti, akishukia upande wa barabara, akienda kusimama mbele ya vile visu, mikono ameitanua, kofia imemtoka. Alisikia sauti yake mwenyewe ikiita "Baba!" lakini haikufika popote, kwa ngurumo ile. Mashine ilikuwa bado inakuja. Mzee alirudi hatua moja, mguu ukamteleza, akajishikilia. Hakuondoka.

Ikasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani, ndevu zimeganda.

"We mzee, umechoka kuishi?"

"Zima! Kuna mtoto humo!"

Kwetu maneno hayo hayahitaji kurudiwa. Dereva alizima. Wa lori akaruka chini. Milango ikafunguka kushoto na kulia, watu wakatoka na mabeleshi, wengine na fulana za kulalia, wakaanza kuchimba kutoka juu, taratibu, wakiogopa kumkata mtoto. Josiane alivuka bila kutazama magari, yeye ambaye hakuwahi kuvuka bila kutazama, akapiga magoti karibu na Pierrette, akachimba kwa mikono. Watoto walibanana ukutani. Maëlle alikuwa amewashika wadogo wawili.

"Ludovic! Piga kelele, mwanangu!" mzee aliita, amelala kifudifudi, mkono umeingia tunduni mpaka begani. "Ita hata jina la ng'ombe, mimi nitasikia!"

Josiane alikuwa ameishika ile glavu nyekundu alipokumbuka. Sauti ya asubuhi ilimjia nzima, na mlio wa kukata: *Ludovic haji leo. Ana homa.*

Mikono yake ilisimama. Akafungua mdomo. Akamwona baba yake uso umekuwa wa zambarau, watu wote wanachimba, na akaona jinsi watakavyogeuka kumtazama. Mdomo ukabaki wazi bila neno.

Pierrette, ambaye alikuwa ameshachomoa simu ya mkononi, akamtangulia. "Acheni! Acheni kuchimba! Yuko kitandani kwake. Naongea na mama yake. Ana homa. Anasema tundu hilo alilichimba jana jioni, akaacha glavu. Na mumewe alipiga simu nyumbani kwa Rosaire asubuhi."

Mabeleshi yakatulia. Mtu mmoja akaanza kulia kwa faraja. Kisha macho yote yakamwendea mzee.

Rosaire alijiinua polepole. "Nyumbani kwangu?"

"Ndivyo anavyosema."

Mzee alitazama theluji mikononi mwake kama anayetafuta kitu humo. "Basi nimesahau," akasema.

Nyuma ya lori kulikuwa na foleni ya magari. Bwana Desrosiers, ambaye mtoto wake wa kike alikuwa mmoja wa waliosimama ukutani, alikuwa ameshuka kwenye gari lake. "Hawa ndio mnaowapa watoto wetu!" alisema kwa sauti. "Mzee mwenyewe hajui ameambiwa nini asubuhi! Na bado anajitupa mbele ya mashine watoto wakitazama!"

Siku nyingine Rosaire angemtukana kama watukanavyo wazee wa kwetu, kwa majina ya vyombo vyote vya altareni, kimoja baada ya kingine, mpaka kikombe cha divai. Siku hiyo aliokota kofia yake, akaikung'uta, akaishika kamba. Josiane aliona hilo, na lilimchoma kuliko makelele yote.

Shuleni mwalimu mkuu, Bi Lacasse, alikuwa ameshapigiwa simu na wazazi watatu kabla basi halijafika. Akasema watakutana mchana, masomo yakiisha, waamue.

Josiane alienda kazini, akashona mguu wa suruali kwa nje badala ya ndani, akafumua. Alikuwa amepata alichokitaka. Hakukiomba wala hakukiiba, kilikuja chenyewe. Mzee ataacha, hataanguka, Maëlle atafika shule na mama yake. Nani ameumia? Alijiuliza hivyo mpaka uzi ukamkatikia, akaomba ruhusa, akarudi nyumbani.

Alishuka kwa baba yake na bakuli la supu ya njegere. Alimkuta mezani, televisheni imezimwa, anataja majina kwa sauti ya chini. Yalikuwa majina ya ndugu zake Huguette, kutoka mkubwa mpaka mdogo. Akifika katikati anasita, anarudi mwanzo.

"Kaa," alisema. "Nisikilize nikikosea."

"Kula kwanza, baba."

Alichota kijiko kimoja, hakukifikisha mdomoni. "Kinachonitisha si kusahau. Watu wote husahau. Kinachonitisha ni kwamba hakuna kitu kabisa. Ingekuwa nakumbuka simu kulia, nimesahau maneno, hiyo ningeielewa. Lakini natafuta simu yenyewe, siioni." Akamtazama. "Wewe ulikuwa hapa. Simu ililia?"

Bomba la joto liligonga ukutani.

"Sijui, baba," Josiane alisema. "Nilikuwa nahangaika na viatu vyako."

"Mm," akasema mzee. Ile "mm" ya zamani. "Basi ni mimi. Gédéon alianza hivi hivi."

Gédéon alikuwa kaka yake. Mwishoni alikuwa akimwita muuguzi wake mama, akilia apelekwe nyumbani.

"Utanipeleka kwa daktari wiki ijayo," mzee aliendelea. "Na ukirudi kazini, uliza bei za zile nyumba za wazee. Sitaki kusubiri mpaka mnichagulie ninyi."

Josiane alitaka kusema. Akaenda kuosha bakuli ambalo supu yake haikuwa imeliwa. Alipogeuka, mzee alikuwa amesimama mbele ya jiko, anagusa vifungo vyake kimoja kimoja kuhakikisha vimezimwa. Alirudi kukaa. Akainuka tena, akavigusa tena.

Mchana walikutana maktaba ya shule, kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani. Walikuwa wazazi kama kumi, Pierrette, Bi Lacasse na Desrosiers aliyekaa karibu na mlango. Rosaire hakukaa. Alikuwa amevaa tai. Kizibao chake kilikuwa kimekunjwa mkononi, akakiweka mezani mbele ya mwalimu mkuu.

"Sikuja kujitetea," alisema. "Kulikuwa na simu nyumbani kwangu, nami sina habari nayo. Mtu wa namna hiyo hashiki kamba ya watoto wa watu. Nawashukuru kwa wakati mlionipa. Kwangu ulikuwa wakati mzuri."

Desrosiers alijikuna shingo. "Hakuna anayesema wewe mtu mbaya, mzee wangu. Pale nilikuwa na hasira."

"Ulikuwa na haki yako."

Bi Lacasse alikivuta kizibao upande wake, kwa upole, kama mtu anayefunika maiti. Ndipo Josiane akainuka. Kiti kile kidogo kilimng'ang'ania makalio, akakisukuma kikaanguka.

"Simu niliipokea mimi."

"Unasemaje, Josiane?" Bi Lacasse akauliza.

"Baba yake Ludovic aliongea na mimi. Babangu alikuwa ameshatoka mlangoni. Nikamfuata tukagombana juu ya viatu, sikumwambia. Hakusahau chochote. Hakuwahi kuambiwa."

Mtu alikohoa. Pierrette alimkazia macho. "Na pale kwenye tuta? Ulikuwa umepiga magoti hapa, na mimi hapa. Ulikuwa hujakumbuka?"

"Nilikumbuka."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini, mwanangu?"

Josiane alitafuta jibu la kumsitiri, hakulipata. "Nilitaka aache. Naogopa kila asubuhi. Nikaona ameacha bila mimi kumlazimisha."

Alipotamka hayo alisikia jinsi yalivyo, na hakuweza kumtazama mtu.

Desrosiers ndiye aliyeanza. "Sawa, hakusahau. Lakini lile la kusimama mbele ya mashine linabaki pale pale. Angeteleza je?"

"Na mtoto angekuwamo je?" Pierrette akamgeukia. "Wewe ungefanya nini, Desrosiers? Ungepiga honi?"

Wawili watatu walicheka. Desrosiers mwenyewe alitikisa kichwa, akainamisha macho. Bi Lacasse akasema siku za mashine basi litapita uchochoroni, nyuma ya nyumba, ambako mashine haziingii, na simu za wazazi zitakwenda kwa Pierrette. "Kama bwana Rosaire bado yuko tayari," akamalizia, akakirudisha kizibao upande wa pili wa meza.

Mzee hakukigusa. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mezani kwangu. Kijiko kikiwa mkononi. Nikakuuliza, na wewe ukaniangalia usoni."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeshachagua chumba, Josiane. Kichwani mwangu. Nilichagua chenye dirisha linaloangalia barabara."

Josiane alisema samahani, kwa sauti iliyofika labda kwenye kiti cha kwanza. Mzee hakusema amesamehe, na hakusema hajasamehe. Alikichukua kizibao.

"Kesho nitapita saa yangu ile ile," aliwaambia wengine. "Atakayechelewa, namwacha. Na mama yake Maëlle kesho alale, alale sana, maana naona amechoka."

Watu walicheka, kwa jinsi walivyokuwa wamebanwa tangu mwanzo. Yeye hakucheka. Viti vikaanza kukokotwa. Wazazi walimpa mkono mzee mmoja mmoja, hata Desrosiers, na waliompita Josiane walimpita kwa adabu, kama mtu aliyefiwa ambaye huna hakika umwambie nini.

Alibaki amekaa. Alimwona baba yake akivaa kizibao juu ya koti, kwa haraka ya mtu aliyerudishiwa chake, na akaona kwamba amekivaa ndani nje; sehemu inayong'aa imelala kwenye koti, na nje kumebaki kitambaa kitupu ambacho dereva hawezi kukiona gizani. Mikono ya Josiane ilikuwa imeshaanza kunyanyuka. Akaishusha, akaikalia, mpaka mzee alipotoka mlangoni.